Koti la Kaki na Mzazi wa Kwenye Mkungu

Vijana wa bustani mmenishika kwa maneno matamu. "Bi Mize, tuandikie, usiende zako na mambo yote kifuani." Haya, nnaandika. Lakini nani alipandishwa cheo lini na nani alilipwa nini, msinitafutie humu. Vyeo vyangu vilikuwa viwili tu, kufagia na kufagia, na mshahara mnaujua wenyewe maana na wenu ndio huo huo. Nitakuelezeni ndege, na mzee aliyenifunza kazi, na lile koti bovu mlilokuwa mkinicheka kila asubuhi mkidhani sisikii.

Nilianza mwaka 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi. Nyumba ile, nje kidogo ya mji, ilikuwa ya tajiri mmoja aliyeondoka na funguo akaacha milango. Ikafanywa kliniki ya wazazi na watoto wachanga, na bustani yake kubwa ikabaki mikononi mwa mtu aliyekuwa akiitunza tangu enzi za huyo tajiri. Huyo ndiye Mzee Makame, Mtumbatu, mrefu, mkavu, maneno yake machache na mengine siyafahamu mpaka ayarudie. Jua liwake, mvua inyeshe, alivaa koti la kaki lenye mifuko mikubwa na kofia ya ukili. Miye nilikuwa mwanamke kijana wa Mchangani, nimeachika karibuni, sina mtoto, nna ulimi na nna fagio.

Siku ya kwanza nilifika nikakuta majani makavu yametanda chini ya kila mti. Loo, aibu gani hii! Kwetu mwanamke hujulikana kwa uwanja wake. Nikajifunga kanga kiunoni, nikafagia kutoka lango mpaka ukuta wa nyuma, hata mchanga ukabaki na michirizi ya chelewa za fagio kama umesukwa. Nikashika kiuno nikingoja kusifiwa. Mzee Makame akaja, akasimama, akatazama kote.

"Kuna msiba hapa?" akauliza.

"Hapana, Mzee. Nimefagia."

"Nnaona. Umewafagilia chakula chao chote. Yarejeshe."

"Nirejeshe nini?"

"Majani."

Lahaula! Siku yangu ya kwanza ya kazi ya serikali niliimaliza nikitoa majani jaani kwa pakacha na kuyamwaga chini ya miti, na akina mama waliokuja kupimisha watoto wakinicheka barazani mpaka wakashika mbavu. Nilirudi nyumbani nimevimba. Nikamwambia mama yangu kuwa nimepewa kazi na mwendawazimu. Kesho yake nikarudi, kwa sababu kazi nyingine sikuwa nayo, nikawakuta tetere, njiwa wale wadogo, wakipindua jani moja moja kwa mdomo, wakiokota mbegu na vidudu, hawana haraka. Hapo nikaanza kufahamu, ingawa sikumwambia Mzee.

Kwa hiyo njia na baraza fagieni mpaka zing'are, lakini chini ya miti muache. Kichaka cha nyuma kisikatwe mpaka muwe mmeingiza macho ndani na kuhakikisha hamna kiota. Mnana akichana makuti ya mnazi kujengea nyumba zake, mwacheni, mnazi hautakufa. Mapapai ya juu kabisa ni ya shore. Kwa hili niligombana nao miaka mitatu, nikiwatupia maneno ambayo siwezi kuyaandika, mpaka nikachoka mimi. Shore hachoki, na akishatoboa papai hukaa juu yake akakuimbia. Chozi, yule ndege mdogo anayeng'aa kama hariri, msimwekee kitu chochote. Mkomamanga ukitoa maua atakuja mwenyewe.

Maji ndiyo yaliyokuwa shughuli pevu. Tulikuwa na beseni la bati chini ya mstafeli, ndege wakioga na kunywa. Na siku hizo vita vya malaria vilipamba moto. Bwana Afya alipita nyumba hadi nyumba akimwaga kila tone lililosimama, liwe kwenye kopo au kwenye kifuu. Alipoliona beseni letu alitoa macho. Mzee Makame hakubishana naye. Kila asubuhi alitia maji mapya, kila alasiri aliyamwaga, akalisugua beseni kwa kumbi za nazi na mchanga, akalifudikiza mdomo chini. Bwana Afya alikuja kutuvizia saa zote azijuazo, akaingiza mkono, asipate hata kiluwiluwi. Mwisho akawa anakuja na mkate wake wa kumimina, anakaa kwenye ngazi, anawaangalia shomoro wakirushiana maji. Mpaka leo beseni hufudikizwa alasiri, na anayesahau nitamjia hata nikiwa nimestaafu.

Jambo kubwa aliloniambia Mzee aliniambia akiwa ameinama anang'oa magugu, wala hakuinua kichwa. "Ndege hakujui jina. Anaijua nguo yako na mwendo wako." Ndiyo maana koti lake halikubadilika. Alifagia vile vile kila asubuhi, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, na ndege wakashuka karibu na miguu yake. Miye nikivaa kanga nyekundu leo na ya manjano kesho, wote hao wakaenda juu.

Ulipofika mwaka wangu wa nne, au wa tano, siweki hakika, Michenzani ikaanza kubomolewa ili zijengwe zile nyumba ndefu. Miti ya kule ilikatwa, na ndege wakatumiminikia. Vuli ile wakaja hondohondo wawili. Asiyemjua, ni ndege mweusi mwenye tumbo jeupe, na mdomo mwekundu mkubwa mpaka unajiuliza anaubebaje. Nyuma ya kliniki tulikuwa na ule mti mkongwe wa mkungu mnaoujua, wenye shimo pale tawi lilipovunjika zamani, juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu. Wakalikagua kama watu wanaotafuta chumba cha kupanga. Mke akaingia. Kisha, wallahi nilishuhudia kwa macho yangu, akaanza kuuziba mlango kwa udongo naye yumo ndani, mume akimletea, mpaka ukabaki mwanya mwembamba wa kupita ncha ya mdomo tu.

"Mzee, mbona anajizika?"

"Hajiziki. Yumo katika uzazi. Atataga humo, ataatamia humo, na manyoya ya mbawa na mkia yatampukutika. Hata akitaka kuruka hawezi. Atalishwa na mumewe mpaka watoto wapate nguvu."

"Na mume asipokuja?"

Mzee Makame akaniangalia. "Watakufa wote waliomo. Basi usimtishe."

Akanikataza kumwambia mtu, kwa ajili ya watoto wenye manati. Kuanzia siku ile alifagia mwenyewe njia inayopita chini ya mkungu, hakuruhusu mwingine. Asubuhi mume wa hondohondo alikuja na zambarau, akatua juu ya mnazi, akalitazama koti la kaki, akaliridhia, akashuka.

Sasa nikujulisheni na Bwana Khatibu. Alikuwa fundi seremala mwenye karakana yake Mlandege, na ndiye mwenyekiti wa tawi letu la chama, kijana mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza na, kama ilivyo ada yetu, arobaini yake ya uzazi alikuwa akiimalizia kwa mama yake, nyumba iliyo nyuma ya ukuta wa bustani. Kila asubuhi Khatibu alipita na pakacha, leo samaki, kesho kuku. Hugonga mlango. Mkwewe hufungua upenyo, mkono hutoka ukachukua pakacha, mlango hufungwa. Khatibu alibaki kidogo akizitazama mbao za mlango, kisha akaenda zake. Wanawake wa barazani hawakumwacha.

"Mwenyekiti, leo umemwona mwana?"

"Nimemsikia akilia."

"Basi umefaidi!"

Ikatangazwa kuwa kliniki itatembelewa na wageni kutoka nje, na kila shina la mti lipakwe chokaa. Wapakaji wakaja na ndoo zao, miye na Mzee tumo kuchota mchanga upande wa mbele. Mmoja akaufikia mkungu. Akainua mkono, akaona udongo na ufa katikati yake, akapanda juu ya mzizi, akasogeza jicho, na kitu kikamfokea kutoka ndani. Alitupa brashi, ndoo, na kiatu kimoja. "Fingo! Mti una fingo!"

Fingo ni dawa inayofichwa mahali ili ipalinde au imdhuru anayeingia, na siku zile hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulishajua kuwa tajiri aliacha fingo la kulinda nyumba yake, na mtunza bustani wake wa zamani ndiye analilisha. Kwa nini hataki mtu afagie pale? Kwa nini kila asubuhi yuko chini ya mti ule ule na koti lile lile? Ukitazama kwa macho ya woga, kila kitu kililingana. Akina mama wakaacha kuja, baraza likawa tupu. Na nyinyi vijana hamwezi kujua ilikuwa nini, wakati ule, kuambiwa kuwa unalinda mambo ya mtu aliyekimbia. Watu waliitwa ofisini kwa madogo kuliko hayo, na si wote waliorudi. Nilimwogopea Mzee Makame.

Khatibu akaja na watu nyuma yake, wawili wana mashoka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Mzee wangu, humo mna nini?"

"Ndege."

Watu wakacheka. "Ndege gani aliye mwashi?"

"Hondohondo. Mke yumo ndani na watoto."

"Basi fungua tuone," alisema Khatibu, na nilimsikia sauti imemlainika. "Akitoka ndege, mambo yamekwisha, rudi kwenye kazi yako."

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Pigo moja la mundu, na Mzee amesalimika. Nikamnong'oneza, "Mzee, fungua, nakuomba." Akatikisa kichwa.

"Yumo humo mbawa zimempukutika, na watoto hata macho hawajafumbua vizuri. Nimvunjie mzazi mlango, nimtoe nje katika hali hiyo, ili miye nisafike jina? Sifungui."

"Unafahamu kuwa nitalazimika kukupeleka?"

"Nafahamu."

Khatibu alifuta jasho. Akatafuta njia, Mungu amlipe kwa hilo. Akasema, kama ni ndege basi mumewe atakuja kumlisha na sisi tutamwona. Kesho tutakaa hapa tangu asubuhi. Ikifika adhuhuri hatujaona kitu, mti unakatwa, na Mzee anakwenda ofisini.

Kesho yake watu walijaa mpaka juu ya ukuta. Mzee Makame aliketishwa barazani, mbali na mti, wasije wakasema amefanya mazingaombwe. Mume wa hondohondo alikuja mapema na zambarau mdomoni, akatua juu ya mnazi, akautazama umati, akarudi alikotoka. Akaja tena. Akarudi tena. Nikawaonyesha watu, "Yule, yule pale!" Wakaniambia ndege mwenye tunda ni ndege mwenye tunda, linahusu nini na udongo? Jua likapanda. Miye nilikuwa nikifikiria kuwa waliomo ndani hawajaonja kitu tangu jana yake, na wenye mashoka walishaanza kutafuta pa kusimama. Ndipo maneno ya Mzee yakanirudia, kuhusu nguo na mwendo.

"Bwana Khatibu," nikasema, "waondoe watu wote mbele ya mti. Kisha uvae koti la Mzee ushike fagio."

"Nani? Miye?"

"Weye. Akija kwa Mzee mtasema ni uchawi. Akija kwangu mtasema tumepatana. Basi na aje kwa mwenyekiti."

"Bi Mize, mwenyekiti wa tawi avae koti la mtu afagie mbele za watu?"

"Hee! Si weye uliyetuhutubia juzi kwamba kila mtu ashike chombo cha kazi? Fagio limekuwa si chombo?"

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile kikatusaidia, maana walikubali kusogea upande wa mbele wa jengo. Mzee Makame akavua koti mwenyewe. Sikuwahi kumwona bila yake. Mabega yake yalikuwa membamba, na fulana imetoboka mgongoni. Akamvisha Khatibu, akamnyoosha kola kama anamvisha bwana harusi, akamkalisha kofia ya ukili kichwani.

"Usimtazame," akamwambia. "Fagia tu. Kushoto kwenda kulia."

Khatibu alifagia kama mtu anayefukuza kuku. "Polepole, Mwenyekiti!" Nikasimama kando yake na fagio langu, nikamtia mwendo, naye akaufuata. Chelewa zikaanza kusema kwa sauti moja. Juu ya mnazi kivuli kikatua. Sikuinua uso. Kikakaa, kikakaa, na ghafla mbawa zikapita juu ya vichwa vyetu, na hondohondo yupo kwenye mkungu.

Akauweka mdomo kwenye ufa. Kutoka ndani ikatoka ncha ya mdomo mwingine, ikapokea zambarau, ikapotea. Mume akatikisa shingo, akatoa zambarau nyingine kooni. Ikapokelewa. Na nyingine tena, moja moja, mpaka zikaisha. Nikadhani sasa ataondoka. Hakuondoka. Alibaki pale ameinamisha kichwa upande, akiutazama ule udongo.

Khatibu alikuwa ameacha kufagia. "Bi Mize."

"Naam."

"Anangoja nini?"

Tukatega masikio. Ndani ya mti kulikuwa na vilio vyembamba, vya viumbe wachanga wanaogombea chakula.

"Anawasikiliza wanawe," nikasema.

Khatibu alijifuta uso kwa mkono wa koti la Mzee, na jasho halikuwa. "Hata miye siingizwi ndani," akasema.

Akenda mbele ya jengo, koti limemwishia magotini, akawaambia watu kwa ile sauti yake ya mkutanoni: "Mti huu una mzazi. Asiuguse mtu mpaka arobaini yake ipite." Wanaume wakatazamana. Wanawake walifahamu mara moja. Wenye mashoka wakayaficha nyuma ya migongo, na aliyetupa kiatu akaja kukitafuta.

Kesho yake baraza lilijaa. Wengine walikuja na zambarau kwenye pindo za kanga, wakamwagia mzazi chini ya mkungu. Hazikumfaa kitu, maana zote ziliishia kwa shore, lakini sikuwakataza. Miti yote ikapakwa chokaa isipokuwa mmoja. Nasikia mgeni mmoja aliuliza kwa nini, Khatibu akamjibu kuwa ule uko katika uzazi, na mkalimani akashindwa kabisa kulitoa neno hilo. Koti lilirejeshwa limefuliwa na kupigwa pasi. Mzee Makame alishukuru, kisha akalipaka vumbi la njiani, ndege asije akalikataa, kabla ya kulivaa.

Siku mzazi alipovunja udongo akatoka, mkia wake ulikuwa kigutu na mwendo wake wa ulevi, na watoto waliobaki ndani wakauziba tena mlango wenyewe. Khatibu alikuwepo, na mtoto wake mkononi. Mzee Makame alicheka siku ile. Nilifanya naye kazi miaka yote ile, na kicheko chake nilikisikia mara hiyo tu. Nakikumbuka zaidi kuliko sura yake.

Ikaja miaka ya foleni, mwanzoni mwa sabini, mchele ukawa wa kupimiwa, na tukaambiwa kila penye nafasi pandwe muhogo. Mzee alipanda muhogo pembeni kote, akaacha nyuma ya kliniki kama palivyo. Hakuna aliyemuuliza, hata Khatibu alipopita. Kisha miguu ikamkataa, akarudi kwao Tumbatu. Asubuhi ya kuondoka alilitundika koti kwenye msumari wa chumba cha vyombo. "Livae," akaniambia. "Wakuzoee." Habari za kufa kwake nilizipata nikiwa nimelivaa, na nililia ndani yake.

Nimelivaa mpaka nimestaafu. Viwiko nimevitia viraka, mifuko nimeibadilisha, mgongo nimeushona upya, na sijui kama kuna kaki ya Mzee iliyobaki zaidi ya kola. Vuli hii hondohondo wamo tena kwenye mkungu, na mke ameshajifungia. Ndiyo maana siku yangu ya mwisho nilimkabidhi koti Asha, aliyeshika nafasi yangu, nikamwambia alivae kabla hajafungua lango. Asha aliguna, lakini alilivaa.

Asubuhi ya kwanza ya kustaafu miguu ilinipeleka yenyewe. Nilisimama langoni na buibui langu jipya na viatu vya kutokea. Asha alikuwa chini ya mkungu anafagia, polepole, kushoto kwenda kulia. Mume wa hondohondo akaja na zambarau, akatua juu ya mnazi, akalitazama koti, kisha akanitazama miye. Akabaki juu. Nikamwita kwa sauti ndogo, "Ni miye, Mize." Akageuza kichwa huku, akakigeuza kule, tunda bado liko mdomoni.

Nikakumbuka kuwa waliomo ndani wana njaa. Nikajivuta nyuma ya ukuta, hatua kwa hatua, mpaka mkungu siuoni tena. Ndipo nikasikia mbawa zikishuka.